Kidonda kidogo kisichouma: uchambuzi wa kisa kimoja cha mguu wa kisukari

Kadi ya zahanati ilisomeka hivi: "Kidonda kidogo unyayoni, mguu wa kulia. Hakina maumivu. Kinasafishwa kila siku, kinaendelea vizuri." Siku ya kumi na mbili ya kusafishwa huko, mwenye kadi alifika kliniki ya kisukari akitembea mwenyewe, kandambili miguuni, akaomba ahudumiwe haraka kwa sababu ameacha biashara. Jioni yake alikuwa ameshatolewa usaha chumba cha upasuaji. Mguu ulikuwa uleule wa asubuhi, ila safari hii ulipimwa.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Hakuna mtu halisi anayeelezwa. Vipimo vimepangwa vifanane na vya wagonjwa wa namna hii wanaofika kliniki zetu, ili kila hatua ya tathmini ionekane na hesabu yake.

Mgonjwa

Ni mama wa miaka 57, muuza samaki wa kukaanga, kazi ya kusimama tangu alfajiri hadi jioni. Ana kisukari aina ya pili mwaka wa kumi na mbili sasa. Anatumia metformini na glibenklamaidi, ingawa kwa maelezo yake dawa zikiisha husubiri wiki moja au mbili kabla ya kununua nyingine. Havuti sigara. Wiki tatu kabla, binti yake aliona tone la damu kwenye mkeka, wakafuatilia wakakuta kitundu chini ya kidole gumba. Hakumbuki kuchomwa na kitu.

Matibabu ya kwanza yalikuwa yale ya mtaani: vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa, vikafunguliwa na unga wake kunyunyiziwa kidondani. Unga ule ukichanganyika na majimaji hukauka na kuwa gamba la manjano. Gamba hufunika mlango wa kidonda, usaha ukabaki ndani, na mtu akiangalia anasema kimekauka. Zahanati walipompokea walikiosha kwa haidrojeni peroksaidi na iodini, wakafunga kwa gozi. Povu la peroksaidi linapendeza machoni, lakini linaua pia seli mpya zinazojaribu kuziba kidonda. Maji ya salaini, au hata maji safi ya kunywa, yangetosha.

"Shikamoo mama. Kinakuuma?"

"Marahaba mwanangu. Wala hakiumi, ni kidogo tu."

Swali hilo ndilo lililompoteza kila aliyemwona kabla. Kwa mtu mwenye mishipa ya fahamu iliyo salama, maumivu ni kipimo kizuri cha ukali wa jeraha. Kwa mtu ambaye kisukari kimemtia ganzi, kidonda chenye kina kirefu kisichouma kinatisha kuliko kinachouma. Na kinyume chake ni muhimu kukijua: mguu wenye ganzi ukianza kuuma ghafla, tafuta usaha uliofungiwa ndani, au mfupa ulioathirika, au damu isiyofika.

Kabla ya kugusa kidonda

Vipimo vya mwili mzima vilichukuliwa kwanza, na hapo ndipo picha ilipoanza kugeuka. Joto 37.6. Mapigo ya moyo 104 kwa dakika. Pumzi 22 kwa dakika, zilizohesabiwa dakika nzima kwa kutazama saa. Presha 146/86. Sukari ya wakati wowote 21.4 mmol/L, na ketoni (mabaki ya mwili kuchoma mafuta badala ya sukari) kwenye mkojo hazikuonekana.

Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari unasema maambukizi ya mguu yanaitwa makali pale yanapoambatana na dalili mbili au zaidi kati ya hizi: joto juu ya 38 au chini ya 36, mapigo zaidi ya 90, pumzi zaidi ya 20, chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000 kwa mikrolita. Mama huyu alikuwa nazo mbili kabla hata bandeji haijafunguliwa, na homa hana. Majibu ya maabara yalipokuja saa mbili baadaye yaliongeza ya tatu: chembe nyeupe 16,200. Wagonjwa wengi wenye maambukizi makubwa ya mguu wa kisukari hawapandi joto, kwa hiyo anayengoja homa ndipo ashtuke atachelewa. Kipimo kinachorukwa kuliko vyote wodini ni pumzi. Kwenye mafaili utakuta 18 au 20 kwa kila mgonjwa, kila siku, kana kwamba hospitali nzima inapumua kwa mpigo mmoja. Kwa mama huyu, 20 ya kubuni ingefuta dalili moja kati ya mbili, na mpaka majibu ya maabara yafike, maambukizi yake yasingehesabiwa kuwa makali.

Sukari ya 21.4 nayo si habari ya pembeni. Mgonjwa ambaye sukari yake imepanda bila yeye kubadili chakula wala dawa, mvue viatu: huenda maambukizi yamejificha mguuni.

Kandambili zilikaguliwa. Ya kulia ilikuwa imekatika kamba ya mbele, ikashonwa kwa waya chini ya soli, namna ile ile inavyoshonwa kila kona. Ukiitazama kwa juu huoni kitu. Ukipitisha kiganja juu ya soli, karibu na tundu la kamba, ncha ya waya ya milimita mbili hivi inakukwaruza. Ukiweka mguu juu ya kandambili, ncha ile inaangukia palepale penye kidonda. Mama aliitembelea wiki tatu, na siku zote kumi na mbili za kusafishwa aliingia na kutoka zahanati akiikanyaga. Chanzo kikibaki kiatuni, hakuna dawa ya kupaka itakayokishinda.

(Kwa wanaoulizia historia ya vidonda vya vidoleni: ulizeni pia kuhusu panya. Dar es Salaam imeshaandikwa kitaalamu kwamba panya hung'ata miguu yenye ganzi usiku, na mwenyewe huamka asubuhi akikuta damu bila kujua imetoka wapi.)

Ganzi

Kifaa ni monofilamenti ya gramu 10, uzi wa plastiki unaopinda ukibonyezwa kwa uzito huo. Mgonjwa aligusishwa kwanza mkononi ili ajue anachotarajia, kisha akafumba macho. Uzi unasimamishwa wima juu ya ngozi, unabonyezwa mpaka upinde, unaachiwa. Jumla sekunde mbili. Sehemu tatu kwa kila mguu: unyayo wa kidole gumba, chini ya kichwa cha mfupa wa kwanza wa unyayo, na chini ya kile cha tano. Kila sehemu mara tatu, mojawapo ikiwa ya uongo ambapo huguswi lakini unaulizwa. Akipatia mbili kati ya tatu, sehemu hiyo ina hisia. Usibonyeze juu ya sugu wala juu ya kidonda; pale penye kidonda sogea pembeni.

Mguu wa kulia: sifuri kati ya tatu. Wa kushoto: moja. Pasipo na monofilamenti, gusa kwa upole ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano za miguu yote kwa ncha ya kidole chako, sekunde moja au mbili. Akikosa kuhisi ncha mbili au zaidi kati ya sita, mhesabu kuwa ana ganzi. Hakuna zahanati isiyo na kidole.

Damu

Hapa watu wengi huishia kugusa mpigo juu ya mguu na kuandika "upo". Juu ya mguu wa kulia ulisikika kwa mbali, nyuma ya kifundo haukusikika kabisa. Mguu uliovimba huficha mpigo, na kidole cha mpimaji hujisikia mpigo wake mwenyewe, kwa hiyo ilitumika dopla ndogo ya mkononi, kifaa kinachosikilizisha damu inavyopita kwenye ateri.

Mgonjwa alilazwa chali dakika kumi. Namba ya juu ya presha kwenye mkono wa kulia ilikuwa 146, kwenye wa kushoto 142. Inachukuliwa iliyo kubwa. Mkanda wa presha ukafungwa juu kidogo ya kifundo, dopla ikawekwa juu ya ateri, mkanda ukajazwa mpaka sauti ikapotea na kisha ukaachiwa polepole mpaka sauti ikarudi. Mguu wa kulia: ateri ya juu ya mguu 98, ya nyuma ya kifundo 84. Inachukuliwa iliyo kubwa, 98, ikagawanywa kwa 146: uwiano ni 0.67. Mguu wa kushoto 128 kwa 146: 0.88.

Chini ya 0.9 ni upungufu wa damu. Lakini namba 0.67 kwa mgonjwa wa kisukari isomwe kwa jicho moja limefumbwa. Kisukari cha muda mrefu hugumisha kuta za ateri za mguu, mkanda ukashindwa kuzibana, presha ikasomeka juu kuliko ilivyo. Ndiyo maana wengine wana uwiano wa 1.4 na vidole vimeshakuwa vyeusi. Kwa huyu hali halisi inaweza kuwa 0.67 au mbaya zaidi. Haitarajiwi kuwa bora. Kipimo cha kuaminika zaidi ni presha ya kidole gumba chenyewe kwa mkanda mdogo, ambao hapa haukuwapo. Kilichosaidia ni kusikiliza umbo la sauti: ateri yenye afya kwenye dopla hupiga mapigo mawili au matatu ya haraka, kama mjeledi, hii ilitoa mvumo mmoja mzito unaopanda na kushuka.

Mpangilio wa kupima damu kabla ya kushika kisu una sababu. Ukikata nyama kavu nyeusi kwenye mguu usio na damu, umefungua kidonda ambacho mwili hauna cha kukizibia. Mguu wa namna hiyo ukiwa mkavu na hauna usaha, unaachwa mpaka mtaalamu wa mishipa auone. Wenye usaha haungoji.

Kidonda chenyewe

Gozi ilipotolewa kilionekana kitundu cha sm 0.8 kwa 0.6, chini ya kichwa cha mfupa wa kwanza wa unyayo, kimezungukwa na sugu nene ya rangi ya njano-kahawia. Gozi ilikuwa na doa la usaha dogo kuliko sarafu. Harufu ilikuwepo, si kali. Mtu akikadiria kwa jicho kutoka hapa anapata eneo la nusu sentimita ya mraba.

Sugu kwenye unyayo wa kisukari ni kifuniko. Huota kwa sababu mguu unabebeshwa uzito mahali pamoja, kisha yenyewe inakuwa kama kokoto ndani ya kiatu na kuongeza mgandamizo, na chini yake nyama inaliwa taratibu huku juu pakionekana pazima. Ilikatwa kwa kisu cha upasuaji namba 10, kikilazwa karibu sambamba na ngozi, kipande kwa kipande kama mtu anayemenya embe bichi, mpaka ukingo ulipotoa vitone vya damu. Sindano ya ganzi haikuhitajika, lakini mgonjwa aliambiwa kila kitu kabla hakijafanywa. Asiyehisi maumivu bado anaona damu yake.

Baada ya hapo kidonda kilikuwa sm 2.6 kwa 2.1.

Vipimo huchukuliwa hivi: urefu mkubwa kuliko wote, kisha upana mkubwa unaokatiza urefu huo kwa pembe mraba. Ukizidisha tu unapata 5.46, kwa kuwa vidonda vingi ni vya umbo la yai, zidisha tena kwa 0.785, upate sm² 4.3. Njia yoyote inafaa mradi iwe ileile kila mara, na siku zote baada ya kukata sugu. Aliyepima kabla ya kukata wiki hii na baada ya kukata wiki ijayo ataandika kwamba kidonda kimepanuka mara kumi na moja, na atabadilisha dawa bila sababu.

Kisha kijiti cha chuma kilichochemshwa, chenye ncha butu. Kiliingizwa polepole, bila kusukuma. Kuelekea vidoleni kiliishia milimita nne. Kuelekea kisigino kilizama sm 2.8 chini ya ngozi iliyoonekana nzima. Na katikati, kwenye kina cha sm 1.1, kiligonga kitu kigumu chenye kukwaruza, mfano wa kijiko kinavyogusa sufuria chini ya ugali: mfupa. Kano ni ngumu pia lakini inateleza na ina unyumbufu. Mfupa unarudisha mtetemo hadi kidoleni. Kwenye kidonda chenye maambukizi, mguso huo unafanya maambukizi ya mfupa yawe ya kudhaniwa mpaka yathibitishwe vingine.

Neno moja kuhusu kuandika mwelekeo wa pango. Vitabu vinafundisha kutumia uso wa saa. Amueni kwanza 12 iko wapi na mwandike. Hapa 12 ilikuwa upande wa vidole, hivyo pango liko kwenye namba 6. Lakini kwa Kiswahili ukisema "pango liko saa sita", msikilizaji anaona mshale kwenye 12, yaani vidoleni, kinyume kabisa. Muuguzi akimsomea daktari kwa simu, kisu kinaweza kuelekezwa kusikostahili. Afadhali useme wazi: kuelekea kisigino, sm 2.8.

Mpimaji akaweka kidole gumba kwenye kisigino, akasukuma unyayo kwa nguvu ya wastani kuja mbele, akifuata njia ya kano. Usaha mzito wa kijivu ulitoka kidondani, kama mililita tano. Huo ndio usaha ambao gozi za siku kumi na mbili hazikuuona. Haukuwa na njia ya kushuka. Kila alipokanyaga ulisukumwa nyuma kwenye nafasi ya kano.

Wekundu kwenye ngozi nyeusi

Miongozo hupima maambukizi kwa wekundu unaozunguka kidonda: hadi sm 2 kutoka ukingoni ni hafifu, zaidi ya hapo, au yakifika kwenye kano, kiungo au mfupa, ni ya wastani. Maneno hayo yaliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya mama huyu hapakuwa na wekundu wowote wa kuonekana kutoka mlangoni. Kulikuwa na ngozi inayong'aa juu ya mguu kama iliyopakwa mafuta, mikunjo ya vidole imepotea, na rangi imeelekea zambarau iliyokolea ukilinganisha na mguu wa pili. Kiganja kikigeuzwa na kupitishwa mgongo wake kutoka goti kushuka, joto linabadilika ghafla mahali fulani. Mpaka wa joto na wa uvimbe ndio uliochorwa kwa kalamu ya wino, na tarehe na saa kando yake: sm 3.4 kutoka ukingo wa kidonda. Kesho yake mstari huo husema bila ubishi kama maambukizi yamepanda au yameshuka.

Mtoki wa kulia ulikuwa umevimba na kuuma ukibonyezwa. Ngozi haikuchakarika chini ya vidole, dalili ambayo ingeashiria hewa ndani ya nyama na kuharakisha mambo zaidi.

Namba kwenye karatasi

Mifumo ya kupanga ukali ni mingi, na wodini watu hubishana upi ni bora. Kwa kazi ya kila siku na kwa kupigiana simu kati ya vituo, wa alama sita unaoitwa SINBAD unatosha, kwa kuwa hauhitaji mashine. Kila swali ni sifuri au moja. Mahali: nusu ya mbele ya mguu, 0. Damu imepungua: 1. Ganzi: 1. Maambukizi: 1. Eneo la sm² 1 au zaidi: 1. Kina kufikia msuli, kano au zaidi: 1. Jumla 5 kati ya 6. Kuanzia 3 uponaji unakuwa mgumu na hatari ya kukatwa inapanda.

Sasa ifanye hesabu hiyohiyo kwa maelezo ya kadi ya zahanati. Mahali 0. Damu haikupimwa, ikaachwa 0. Maambukizi 0, maana "kinaendelea vizuri". Eneo nusu sentimita, 0. Kina hakikupimwa, 0. Ukimpa alama ya ganzi kwa sababu hasikii maumivu, anapata 1. Makosa hayakuwa ya hesabu. Kisanduku kisichopimwa kilihesabiwa kama kisanduku kisicho na tatizo, na fomu yoyote inayoruhusu hivyo itarudia kosa hilo. Bora iandikwe "haijapimwa".

Kwa Wagner, mfumo wa zamani wa daraja 0 hadi 5, hiki ni daraja la 3: kidonda chenye kina kirefu, chenye usaha au mfupa ulioathirika. Udhaifu wa Wagner ni kwamba damu haionekani mpaka mguu uanze kuoza, daraja la 4 na la 5. Mfumo wa WIfI, uliotolewa 2014 na wapasuaji wa mishipa wa Marekani, unatenganisha mambo matatu, kila moja 0 hadi 3: kidonda 2, upungufu wa damu 1, maambukizi 3. Mchanganyiko huo unaangukia kundi la hatari kubwa ya kukatwa mguu ndani ya mwaka. Faida yake kwa mpasuaji ni kuona kinachouvuta mguu shimoni: hapa ni maambukizi, damu inafuata nyuma. Kwa hiyo usaha kwanza, mishipa baadaye.

Uamuzi

Alilazwa saa hiyohiyo. Dripu, insulini badala ya vidonge, chanjo ya pepopunda kwa kuwa hakukumbuka ya mwisho, antibayotiki za mshipa: seftriaksoni gramu 2 kwa siku na metronidazoli miligramu 500 kila saa nane, ndizo zilizokuwepo na zinashika vijidudu vingi vya kidonda cha namna hii wakati majibu ya kuotesha vijidudu maabara yanasubiriwa. Kipande cha nyama kilichukuliwa kutoka chini kabisa ya kidonda baada ya kusafishwa. Pamba ya kufuta juu hukuletea vijidudu vya ngozi na vya gozi, na maabara itakuandikia orodha ndefu isiyo na maana.

Kipimo cha ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama, ambayo hupanda mwili ukiwa na maambukizi, kilikuwa 92. Zaidi ya 70 pamoja na kijiti kugusa mfupa kunaongeza sana uwezekano wa mfupa kuugua. Eksirei ilionyesha ukingo wa kichwa cha mfupa wa kwanza umeanza kumung'unyika. Ingekuwa safi isingemtoa mtu wasiwasi, maana mabadiliko ya mfupa huchukua wiki mbili hadi tatu kuonekana. Na upasuaji haukungoja picha hiyo. Usaha uliofungwa kwenye unyayo una nafasi ndogo, presha inapanda, ateri ndogo za vidole zinabanwa na kuziba, na vidole vilivyokuwa hai saa nne asubuhi vinaweza kuwa vyeusi kesho yake.

Unyayo ulifunguliwa kufuata pango hadi mwisho wake, nyama mfu ikaondolewa, na kichwa cha mfupa kilichokuwa laini kikatolewa pamoja na kipande cha mfupa wa nyuma yake kwa ajili ya maabara. Kidole gumba kilibaki. Kipande hicho cha mfupa uliobaki kilikuja kuonyesha vijidudu, kwa hiyo antibayotiki ziliendelea wiki tatu baada ya upasuaji. Mfupa mgonjwa ukiachwa bila kukatwa, muda huwa wiki sita.

Plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, ya kuondolea kidonda uzito wa mwili, ambayo ndiyo tiba bora kwa kidonda cha unyayo kisicho na matatizo, haikufungwa. Kwenye mguu wenye maambukizi na damu pungufu kwa pamoja, plasta isiyovulika huficha kinachoendelea ndani. Alipewa kiti cha magurudumu, kisha magongo na kiatu cha kuvulika kinachobeba uzito kisiginoni. Mpasuaji wa mishipa aliarifiwa na kuombwa amwone. Uwiano wa 0.67 haukuwa wa dharura, tofauti na ungekuwa chini ya 0.4, lakini kidonda kisipopungua ndani ya wiki nne hadi sita, ateri zingepigwa picha.

Kupima tena

Siku ya pili mapigo yalishuka hadi 88, na joto la ngozi lilirudi ndani ya mstari wa kalamu. Kidonda, kwa upande wake, kilikuwa kimekua: sm 5.2 kwa 3.0, yaani sm² 12.2. Ndugu walishtuka, na haki yao. Kidonda cha mpasuaji ni kipya. Hesabu inaanza upya siku ile, na familia iambiwe hivyo kabla ya kuingia chumba cha upasuaji badala ya baada.

Wiki ya nne kilikuwa sm 3.1 kwa 2.0, sm² 4.9. Kimepungua kwa asilimia 60. Kidonda cha mguu wa kisukari kisichopungua nusu ndani ya wiki nne mara nyingi hakitaziba kwa njia inayotumika, na hapo unarudi mwanzo: damu, mfupa, uzito, sukari. Huyu alivuka, akaendelea hivyohivyo, na ngozi ikafunga wiki ya kumi na tano.

Kuna mguu mwingine. Asubuhi ile ya kwanza, wakati kila mtu ameinamia wa kulia, mpimaji aliushika pia wa kushoto, ule wenye uwiano wa 0.88 na hisia sehemu moja kati ya tatu. Chini ya kichwa cha mfupa wa kwanza palikuwa na sugu ndogo yenye doa jeusi katikati, kubwa kama punje ya mtama. Ilipokatwa, doa lilikuwa damu iliyoganda kati ya matabaka ya sugu. Ngozi ya chini ilikuwa bado haijatoboka. Likaandikwa kwenye faili na kupimwa, milimita tatu, na mama akapangiwa kurudi kukatwa sugu kila mwezi.

Kandambili ya kushoto nayo ilikuwa imeshonwa kwa waya.